Kulisha Kinda kwa Mkono

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya masheha, walimu na wenyeji wa shamba, kisiwani Unguja



Nilipoambiwa niseme juu ya kulisha makinda wa ndege wafugwao nyumbani, wenzangu ofisini walicheka. Mmoja akaniuliza, "Bwana Karani, maneno ya maana yamekwisha?" Sikumlaumu, maana mambo ya ndege yaonekana kuwa mambo ya watoto. Lakini nadhani hapa hapana mtu asiyepata kumwona kinda akiletwa nyumbani kiganjani mwa mtoto, akiwa hai asubuhi na maiti jioni. Wala hakufa kwa kukosa chakula. Amelishwa, tena amelishwa sana, na mkono uliomwua ndio mkono uliompenda. Jambo hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa. Juu ya nyumba yetu, katika Mji Mkongwe, walikaa njiwa manga, na siku moja kunguru wakamwua jike kiotani. Dume akakimbia asirudi. Akabaki kinda mmoja, ana manyoya machache ya rangi ya manjano kama nyuzi za katani, na macho yake hayajafumbuka vema. Nikapika uji wa mchele, nikampanua mdomo kwa vidole viwili, nikammiminia kijiko kizima. Uji ukamtoka puani. Akafanya sauti kama birika lianzalo kuchemka, akafa kabla sijakiweka kijiko chini. Shangazi yangu alikuwa ukumbini akipeta mchele. Akatazama, akasema, "Mwanangu, hukumlisha. Umemzamisha."

Ilipita miaka mingi kabla sijafahamu kuwa neno lile lilikuwa kweli hasa, wala si mfano. Mtazameni ndege yeyote mdomoni, hata kuku wa kuchinjwa. Nyuma ya ulimi, chini, mtaona ufa mdogo unaofunguka na kufumba kwa kadiri anavyovuta pumzi. Hiyo ndiyo njia ya pumzi. Njia ya chakula iko nyuma yake. Basi kinda anapoomba chakula kwa hiari yake na kumeza, ule ufa hufumba, na chakula hupita juu yake salama. Lakini ukimpanua mdomo kwa nguvu na kummiminia, ufa u wazi, na uji huingia mapafuni. Akiingiwa na kingi hufa pale pale, kama alivyokufa njiwa wangu. Akiingiwa na kidogo huishi siku mbili tatu, anapumua kwa kukoroma, kisha hufa kwa maradhi ya mapafu, na mwenyewe husema, "Sijui alipatwa na nini, jana alikula vizuri." Kwa hiyo kinda asiyeomba asilishwe. Ama ana baridi, ama ameshiba, ama ni mgonjwa, na mambo hayo matatu hayaponywi kwa kijiko. Wala asitiliwe maji mdomoni. Maji anayoyahitaji yamo katika chakula chake.

Lakini kabla ya kijiko kuna swali lililo kubwa zaidi: Je, kinda huyu ni yatima kweli?

Kifaranga wa kuku akitoka yaini hutembea siku ile ile na kudonoa. Njiwa, tetere, kasuku, shore na mbayuwayu hawako hivyo. Hao huzaliwa vipofu, hawana manyoya, hawawezi hata kujipasha moto. Wakikua, wengi hutoka kiotani siku chache kabla hawajajua kuruka sawasawa, wakakaa chini au kwenye matawi ya chini, na wazazi huwaletea chakula pale pale. Mtoto apitaye huona ndege mwenye manyoya, mkia mfupi, anarukaruka majanini, akadhani ametupwa, akamchukua. Huo, mabwana, ni wizi wa mtoto mbele ya mama yake, ingawa umefanywa kwa huruma. Ndege wa namna hiyo awekwe juu ya tawi, mbali na paka, akaachwe. Yule asiye na manyoya arudishwe kiotani. Wazee wetu husema kwamba mama humkataa kinda akinusa mkono wa mtu, lakini sivyo. Ndege hawaachi watoto wao kwa sababu hiyo. Kiota kikiwa kimevunjika, sukeni pakacha dogo, tieni majani makavu ndani yake, lifungeni karibu na mahali pa zamani, kisha kaeni mbali mtazame kwa muda wa saa moja au mbili. Mara nyingi mtamwona mzazi akija.

Mjini mambo ni magumu zaidi kwa sababu ya kunguru. Kunguru huyu tumwonaye kila siku si mwenyeji wa Unguja. Aliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kwa kuwa alisifiwa kwa kula takataka. Takataka amekula, na mayai na makinda wa ndege wengine amekula pia, hata katika mitaa mingi ya mji ndege wadogo wamekuwa haba. Kwa hiyo kinda aliyeangushwa na kunguru huenda asiwe na pa kurudi, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Joto hutangulia chakula. Kinda aliyepoa haombi, na akilazimishwa kula, chakula hukaa ndani kisisagike, kikaoza. Mtieni katika kisanduku chenye kitambaa laini, pembeni mwake wekeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa nguo, naye awe na nafasi ya kusogea mbali nayo akitaka. Kinda asiye na manyoya ahitaji joto la digrii 35 hivi za sentigredi, kisha lipungue kidogo kidogo kwa kadiri anavyoota manyoya. Akitwetwa huku mdomo u wazi na mabawa ameyatandaza, joto limezidi. Akiwa baridi mkononi na hachezi, limepungua. Akisha pata joto ndipo aonyeshwe chakula.

Chakula nacho kiwe na joto lake. Hapa ndipo watu wengi waaminifu huharibu. Uji wa kinda wapaswa kuwa baina ya digrii 39 na 41, yaani karibu sawa na joto la mwili wa ndege. Ukipita digrii 43 humwunguza ndani ya ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, mbele ya kifua. Na ubaya wa kuungua huko ni kwamba hakuonekani siku ile. Kinda hula, hulala, hukua. Baada ya siku kadhaa ngozi ya kifuani hubadilika rangi, hukauka kama gamba, hutoboka, na chakula anachomeza chavuja nje. Nimepata kumwona mmoja. Alikuwa akiomba chakula kwa bidii, na kila alichokula kilimwagika kifuani pake. Ukipoa chini ya digrii 37, wengine hukataa, na wengine hukubali lakini tumbo halifanyi kazi upesi. Basi msipime kwa kidole. Kidole cha mpishi kimezoea moto, na kidole cha karani, kama changu, hakijui lolote. Tumieni kipimajoto, na kabla ya kupima koroga uji sana, maana katikati huwa moto pembeni pakiwa vuguvugu, hasa ukipashwa kwa zile jiko za umeme za siku hizi.

Sasa, apewe chakula gani? Maziwa ya ng'ombe na mkate, ambavyo ndivyo vipewavyo makinda katika nyumba nyingi, vyote viwili havifai. Tumbo la ndege haliwezi kuyasaga maziwa ya mnyama, na mkate hujaa bila kujenga mwili. Hapa walimu watanisamehe nikitoka njiani kidogo, maana jambo hili lapendeza kufundishwa darasani. Njiwa wana maziwa yao wenyewe! Si maziwa ya chuchu. Ni kitu kama jibini laini kinachotoka katika kuta za ule mfuko wa chakula, nacho hutolewa na jike na dume pia. Kinda wa njiwa kwa siku za kwanza hali kitu kingine. Ni kwa kuchunguza mifuko hiyo ya njiwa, mnamo mwaka 1933, kwamba mtaalamu wa Marekani, Oscar Riddle, na wenziwe waliitambua na kuipa jina la prolaktini ile dawa ya mwilini ambayo huwaletea hata akina mama maziwa. Kwa sababu hiyo njiwa wa siku moja au mbili ni vigumu mno kumwokoa kwa mkono, na asiyefaulu asijilaumu. Kama yuko njiwa mwingine mwenye kinda wa umri ule ule, kumtia yatima katika kiota chake ni bora kuliko vijiko vyote.

Wa umri wa wiki moja na zaidi hulishika. Unga wa makinda utengenezwao viwandani ndio bora ukipatikana. Usipopatikana, watu hutumia chakula cha vifaranga wa kuku kilichosagwa laini, kikarowekwa katika maji ya moto yaliyochemka na kuachwa kipoe mpaka kwenye joto nililolitaja. Lakini namna ya kumpa si moja kwa ndege wote, na jambo hili nalitilia mkazo. Kinda wa njiwa au tetere hapanui mdomo kama shore. Yeye hutia mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi, akanywa. Basi chukueni bomba la sindano lisilo na sindano, mkate ncha yake ili liwe wazi, mlisugue kwa msasa lisimkwaruze, mlifunike kwa kitambaa laini chenye kuvutika, na katikati mtoboe tundu dogo. Mwacheni atie mdomo mwenyewe katika tundu hilo, ale kwa nguvu zake. Mwangalieni pua zake zisizame. Akiwa na manyoya, choroko zilizorowekwa na kuchemshwa hata zikawa laini humfaa, moja moja, ikisukumwa polepole nyuma ya ulimi, na baada ya kila moja asubiriwe ameze.

Kinda wa kasuku ana tabia nyingine. Ukigusa pembe za mdomo wake hutikisa kichwa juu na chini kwa nguvu kama mtu apigaye pampu ya baiskeli, na katika kutikisa huko ndiko njia ya pumzi hufumba. Kwake kijiko cha chai kilichokunjwa pande mbili kuwa kama mfereji chatosha. Atumiaye bomba alitie upande wa kushoto wa ndege na kulielekeza kulia kwake, maana njia ya chakula hupitia upande wa kulia wa shingo. Akiacha kutikisa, nawe acha. Akijaribu kugeuka, mpe nafasi. Haraka ya mlishaji ndiyo inayoua.

Na mbayuwayu na wenziwe walao wadudu, hao hawali nafaka kabisa. Hupanua mdomo wenyewe, na hutaka wadudu wadogo kila nusu saa, tangu mapambazuko hata magharibi. Asiyeweza kazi hiyo asianze. Mchele utamnyamazisha kinda wa mbayuwayu kwa siku mbili, naye atakufa kwa njaa hali amejaa.

Kipimo cha chakula chafahamika kwa hesabu ndogo. Kwa kasuku, kila mlo uwe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa kinda. Mwenye gramu 50 apewe gramu 5, si kikombe. Mzani wa jikoni wafaa. Apimwe kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza, na uzito uandikwe katika daftari. Nimewaambieni kwamba mimi ni karani, nanyi mtaniona naleta madaftari hata kwa ndege. Lakini uzito ukisimama siku mbili, daftari litakuonya kabla jicho halijaona. Mdogo sana huhitaji kula kila baada ya saa mbili, hata usiku mara moja; macho yakisha fumbuka saa tatu au nne; akivaa manyoya, mara mbili au tatu kutwa. Kabla ya kila mlo gusa ule mfuko wa kifuani. Uwe karibu mtupu. Na mara moja katika kila siku, aghalabu alfajiri, uwe mtupu kabisa. Ukiongeza chakula kipya juu ya kile cha zamani, cha chini huchacha, ukungu huota ndani, na mfuko haushuki tena. Ukimkuta kinda ana mfuko uliojaa tangu jana, unanuka uchachu, hana nguvu, usimkande wala usimpe dawa za kubahatisha. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Jirani yangu mmoja mjini alinunua kasuku mdogo wa kigeni, hajaachishwa. Mwuzaji alimwambia kwamba ukimlisha mwenyewe kwa mkono atakupenda wewe peke yako. Jirani huyu ni mtu mwangalifu: alinunua kipimajoto, akapima, akalisha bila haraka. Lakini ili asiamke mara nyingi usiku, alipika uji mara moja jioni, akautia katika chupa ya chai ukae moto mpaka asubuhi. Joto lile lile limfaalo kinda huwafaa na vijidudu pia. Siku ya sita kasuku akafa, na mfuko wake umejaa uji uliochacha. Kila mlo upikwe wakati wake, mabaki yamwagwe, vyombo vioshwe kwa maji yaliyochemka.

Na neno la yule mwuzaji si kweli. Kasuku aliyelishwa na mwenye kujua mpaka akaweza kula peke yake, kisha akaja kwako, atakuzoea ukimtendea mema. Mwuzaji humharakisha kinda kwa sababu kila siku ya kulisha ni gharama kwake, na hatari humwachia mnunuzi. Mtu akikuletea kinda asiyejua kula, mwambie, "Mlishe wewe kwanza, nitakuja kumtwaa akila mwenyewe."

Tena muulize ametoka wapi. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu kwao ni misitu ya Kongo na nchi za jirani, na wengi mno wamekamatwa hata mataifa yakakutana Johannesburg mwaka 1916 — samahani, nasoma vibaya maandiko yangu mwenyewe — mwaka 2016, yakakubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini, na amri hiyo ikaanza kutumika Januari 2017. Hapa Unguja nako, sheria ya misitu ya mwaka 1996 huwalinda viumbe wa porini. Kwa hiyo Masheha mkiona vijana wanapanda miti kushusha makinda ili wawauze, jambo hilo si mchezo wa watoto tena.

Nitasema kidogo juu ya afya ya watu. Iko homa iwapatayo watu kutokana na kasuku na njiwa. Mwaka 1929 na 1930 ilienea katika nchi nyingi kutokana na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini, na watu wakafa. Huingia kwa vumbi la kinyesi kilichokauka. Nawa mikono kabla na baada ya kulisha, lowesha kinyesi kabla ya kukifagia, usimpe kinda chakula kutoka kinywani mwako kama nilivyoona watu wakifanya, na ukishikwa na homa na kikohozi mwambie daktari kwamba unafuga ndege. Vilevile njiwa wa kuokota asichanganywe na kuku, maana aweza kuwaletea mdondo.

Kuachisha hakuna tarehe. Kinda akianza kudonoa kila kitu, mwekee nafaka au matunda laini na maji katika chombo kifupi, lakini usimkatie mlo wa mkono ili njaa imfundishe. Wengine hufundishika kwa wiki moja, wengine kwa tatu, na kasuku wakubwa huchukua miezi. Kasuku msimpe parachichi, ingawa tunalo tele. Ni sumu kwake. Tetere na ndege wengine wa porini wasishikweshikwe wakiisha kuota manyoya, wakae mahali waonapo wenzao, na wakiweza kuruka vizuri, waachiwe asubuhi siku isiyo na mvua, mbali na kunguru. Wa mwisho niliyemlea alikuwa tetere. Alitua kwenye mwembe, akakaa kitambo, akaenda zake.

Juu ya meza hii nimeweka bomba lililokatwa, kile kijiko kilichokunjwa, kipimajoto na mzani. Katika kisanduku kile yumo kinda wa njiwa manga wa siku kumi na mbili, na saa yake ya kula imefika. Mwenye kutaka kujaribu na asogee, baada ya kunawa.